Kabla Hujaenda Kukaa kwa Dorcas

Mghoi mwanangu,

Wewe na baba yako mmekwenda kuaga watu wa kanisa lake, na mimi nimebaki hapa na sanduku lako mlangoni. Sikwenda nanyi kwa sababu ningelazimika kutabasamu, na leo uso wangu haunitii. Mambo ya blanketi, kadi ya benki na usafiri wa kutoka uwanja wa ndege wa Cape Town atakueleza baba yako. Yeye ana subira ya mambo hayo. Mimi nina jambo jingine, na naliandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoumia nayo. Najua barua hii utaisoma polepole, ukichezesha midomo. Isome hivyo hivyo. Usimpe mtu akutafsirie.

Umeniumiza. Tangu siku ile ya Fordsburg nimekuwa nikizunguka nyumba hii nikikunja nguo zako, nikikuuliza hili na lile, na wewe ukinijibu kwa adabu kama mtu anayejibu polisi. Hatujalisema. Basi nalisema.

Tulikuwa tumeingia dukani kwa Mama Amani, pale Fordsburg, kununua mashuka yako ya chuoni. Yule mama wa Tanga anauza vitambaa pale tangu kabla hujazaliwa, na mdomo wake hauna kufuli. Alikuwa akipima shuka kwa mkono, akasema bila hata kuinua uso, "Shoga yangu, nimefurahi kusikia mmepatana. Dorcas kaniambia chumba cha mtoto anakipaka rangi, kijani."

Nikamwuliza, "Dorcas gani?"

Akanitazama, kisha akakutazama wewe. Wewe ukainama ukaanza kusoma bei ya foronya. Mama Amani akajua amefanya nini, akaanza kunieleza habari za pamba ya Misri, na mimi nikaitikia, nikanunua mashuka nisiyoyataka.

Garini sikuwasha redio. Nilikuuliza umekuwa ukiongea naye tangu lini, ukasema tangu gredi ya tisa. Nikakuuliza ile hosteli ya chuo niliyoambiwa kwamba umepata nafasi iko wapi. Ukasema, "Hakuna hosteli, Mama." Nikakuuliza kama baba yako anajua. Ukatazama nje dirishani, na hilo likawa jibu.

Wewe unamjua Anti Dorcas aliyekufundisha kushika bisibisi. Nataka umjue na yule ninayemjua mimi. Wote wawili ni mtu mmoja. Hilo ndilo lililonishinda.

Tulikutana hapa Johannesburg tukiwa wanafunzi, Wakenya wawili kwenye korido moja ya chuo kikuu, mimi wa famasia kutoka Voi, yeye wa uhandisi kutoka Kitale. Ulipozaliwa, baba yako alikuwa amekwama mpakani na vitambaa vyake, kwa hiyo mikono ya kwanza kukubeba baada ya yangu ilikuwa ya Dorcas. Baadaye naye akashika mimba. Alikwenda nyumbani kuwasalimu wazazi, uchungu ukamkuta kabla ya wakati, katika hospitali ndogo mbali na mji. Akajifungua mtoto wa kiume.

Mapafu ya mtoto aliyewahi mno kuzaliwa hushikamana. Kila pumzi kwake ni kama kufungua upya mfuko wa plastiki uliolowa maji. Iko dawa ya kuyazuia yasishikamane, lakini huingizwa kwa mrija kooni, na kuuingiza mrija kwenye koo dogo kama lile kunataka mkono uliozoea. Siku ile dawa ilikuwepo kwenye friji. Mkono haukuwepo.

Dorcas alirudi mikono mitupu, akakaa kwetu Rosettenville mpaka alipoweza kurudi kwake. Mbele za watu hakulia. Alilia jikoni kwangu, ameshikilia sinki, nami nimemshika mgongo. Kwa hiyo alipoanza kuzungumza juu ya kifaa cha kuigeuza dawa ile kuwa ukungu, mtoto aivute mwenyewe kwa pua, pasiwepo mrija wala daktari bingwa, hakuhitaji kunishawishi. Nilikuwa nimeshakubali tangu jikoni.

Chumba chetu cha maabara ulikijua. Ulikuwa ukija baada ya shule, ukikaa kwenye stuli na biskuti zako. Yule mtoto wa mpira tuliyemtumia kukijaribu kifaa ulimwita Bongani, jina likamkaa, hata madaktari wakawa wanamwita hivyo. Kichwa chake kilichongwa kwa mashine kutokana na picha za kichanga wa kweli, na matundu ya pua madogo kama mbegu za papai. Nyuma ya koo lake pampu aliyoiunda Dorcas ilikuwa ikivuta na kutoa hewa, pumzi fupi za haraka, kama za kichanga mgonjwa. Pale ambapo mapafu yangeanzia tuliweka chujio. Ukungu wa dawa uliingia puani, na kilichonaswa kwenye chujio ndicho ambacho kingemfikia mtoto. Mimi nililiosha chujio na kupima kilichomo. Ni kazi rahisi kuieleza, ngumu kuifanya sawasawa.

Mwanzoni dawa ilifika. Ilifika zaidi ya tulivyothubutu kutumaini. Dorcas alikuweka kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu akakuzungusha mpaka ukataka kutapika. Kampuni ya Sandton iliyokuwa ikitengeneza kifaa hicho ikatuletea keki. Hospitali ikaanza kujiandaa kukijaribu kwa watoto wenyewe.

Lakini hewa tuliyokuwa tukimpa Bongani ilikuwa hewa ya mji huu wakati wa baridi, kavu, ile inayopasua midomo. Mtoto aliye hospitalini hupewa hewa ya moto yenye unyevu kwa vijibomba vya puani, navyo haviibani pua kabisa. Hewa huvuja pembeni. Nikamwambia Dorcas nataka kuyarudia majaribio kwa hewa ya namna hiyo. Akasema, "Fanya tu, ili tumalize." Nikafanya. Dawa ikaacha kufika. Ule ukungu ulikunywa unyevu, ukanenepa njiani, ukageuka matone, ukabaki ndani ya bomba. Chujio likatoka karibu safi. Nikabadilisha bomba, nikarudia. Nikabadilisha chujio, nikarudia. Kisha nikamwita.

Aliinama akayatazama matone yale.

"Mama Mghoi," alisema, "ukiwaonyesha haya watafunga mradi."

"Tutawaonyesha na namna ya kurekebisha."

"Hawatangoja turekebishe. Ile ni kampuni, si kanisa. Wakifunga, nani mwingine atahangaika na vichanga wa hospitali za vijijini?"

"Na wakikipeleka kwa watoto kama kilivyo? Muuguzi ataona ukungu unatoka, atadhani mtoto amepata dawa, kumbe hajapata kitu."

Aliligonga bomba kwa kidole. Kisha akasema, "Sawa. Tutawaonyesha yote, mimi na wewe pamoja."

Nikamkumbatia. Sikuwa na sababu ya kutomwamini. Sijawahi kupata sababu ya kujilaumu kwa kumwamini siku ile, ingawa nimeitafuta sana.

Mkutano ulikuwa Sandton, ghorofa ya juu, kuta za vioo. Dorcas ndiye aliyesimama mbele. Akaonyesha majaribio ya hewa kavu, akaeleza vizuri, watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikangoja sehemu ya pili. Badala yake likaja neno la shukrani. Nikainua mkono nikasema yamebaki majaribio ya hewa yenye unyevu.

Hakunitazama. Aliwaambia wale wakubwa, kwa sauti tulivu kabisa, "Mwenzangu alipata shida na uoshaji wa machujio katika majaribio hayo. Tumeyaweka kando."

Mwenzangu. Hata jina hakunitaja.

Nilipaswa kusimama, Mghoi. Ukweli nilikuwa nao, na Kiingereza cha kuusemea nilikuwa nacho. Nikashusha mkono. Watu wakidhani niliogopa wanakosea. Nilikuwa ndani ya kichwa changu nikitafuta maelezo ambayo ndani yake Dorcas bado ni rafiki yangu: labda ana mpango, labda atawaeleza faraghani, labda mimi ndiye sikumwelewa. Nilipofika mwisho wa maelezo yote, watu walikuwa wakipeana mikono. Ukisalitiwa na mtu unayempenda, zile dakika za kwanza huzitumii kujitetea. Unazitumia kumtetea yeye.

Kwenye lifti aliniambia, "Nilikuwa nataka kukueleza."

"Lini?"

Akabonyeza tena kitufe cha chini, ingawa tayari kilikuwa kimewaka.

Niliwaandikia madaktari wa hospitali nikawatumia kila kitu. Wakaomba maabara nyingine irudie kazi yangu, ikarudia, ikapata kile kile nilichopata. Jaribio la watoto likaahirishwa. Hakuna kichanga aliyewekewa kifaa kile jinsi kilivyokuwa, na hilo halitatoka mikononi mwangu hata nikizeeka.

Usidhani nililetewa maua. Mkataba wangu ulipokwisha haukuendelezwa. Nilisikia neno "mabadiliko" mara nyingi kiasi kwamba mpaka leo nikilisikia redioni naizima. Kampuni ikamchukua Dorcas kwenye ofisi yake ya Cape Town. Na katika ushirika wetu wa Wakenya, wale akina mama niliowapikia kwenye harusi zao wakaacha kunishikia kiti. Mmoja alinifuata kwenye maegesho akaniambia, "Umemwangusha mwenzetu mbele ya wageni." Nikamwuliza kama anajua nilichowaambia hao wageni. Akasema hahitaji kujua. Ndipo nilipoanza kwenda na baba yako kwenye kanisa la Wakongomani wenzake, ambako sielewi nusu ya nyimbo, na ninakaa kwa amani.

Na wewe nilikwambia nini? Nilikwambia Anti Dorcas amehamia Cape Town kikazi. Ulipouliza kama atakuja Krismasi nikasema ana shughuli nyingi. Nilidhani nakukinga. Ulikuwa mdogo, nami sikutaka uanze kuwatazama watu wazima kwa jicho la kuwapima.

Sasa nirudi garini. Nilikuwa nimekwisha sema maneno mengi, mengine makali, na tukasimama kwenye robot, taa ikiwa nyekundu. Ukanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yako, nami nayaandika hapa kwa lugha yangu ili ujue niliyasikia.

"Wewe ulimpoteza rafiki na ulijua kwa nini. Mimi nilimpoteza mtu na hakuna aliyeniambia kitu. Nilidhani nimefanya kosa. Nilidhani amechoka nami."

"Mbona hukuniuliza?"

"Kila nikimtaja ulikuwa unaanza kuosha vyombo ambavyo ni safi."

Taa ikawa kijani, mwenye teksi nyuma yetu akapiga honi, nami nikaondoa gari. Nakumbuka vile vyombo.

Jioni ile nilimkuta baba yako kwenye cherehani akishona pindo la suruali ya mteja. Alijua nimekuja na nini, akazima mashine.

"Mutoto hana makosa," akasema. "Ule mutu alikukosea weye. Hakumukosea mutoto."

"Na wewe? Wewe hukunikosea?"

Akafikiri. Unamjua, hasemi neno kabla ya kulipima. "Miye niliogopa," akasema. "Nikisema, nitapoteza wawili. Nikinyamaza, labda hakuna mwenye atapotea."

Nikamwambia hayo ndiyo maneno ya Dorcas mbele ya yale matone. Niliyasema ili yamchome, na yalimchoma. Aliiwasha tena mashine lakini hakushona. Mguu wake ulikuwa umetulia juu ya pedali. Kwa mtu ambaye amenivumilia miaka yote hii, lile halikuwa neno la haki, na sijamwomba radhi. Nitamwomba. Nataka kwanza niwe nimemaanisha.

Nimewaza sana juu yenu wawili. Aliyeniaibisha mbele ya watu Sandton alikuwa mmoja; waliokaa mezani pangu wakila chakula changu na siri yao walikuwa wawili, na ni nyinyi. Usiku huwa najiambia kwamba hilo ni baya zaidi. Kukicha najiuliza swali jingine: mtu huwaje mtu wa kufichwa mambo? Hazaliwi hivyo. Nilikilinda kidonda changu hata watu wa nyumbani wakajifunza kupita kwa kunyata. Nikaita ukimya ule heshima. Kumbe mlikuwa mnaniogopa.

Leo mlipotoka nilimpigia simu. Namba yake nilikuwa nimeifunga na kuifuta; nilimwomba Mama Amani, naye akanipa bila kusema neno, jambo ambalo sikujua analiweza.

"Ni Mama Mghoi," nikasema.

Akasema, "Karibu," kama vile nimebisha hodi.

"Sikupiga kwa ajili yangu. Mtoto bado ana pumu, na huo upepo wenu wa huko..."

"Pampu ya kuvuta, ile ya bluu, mfuko wa mbele, nyingine kando ya kitanda. Zulia nimelitoa chumbani, linashika vumbi."

Habari ya zulia mimi sikuwa nimeifikiria.

"Asante," nikasema.

"Bado umenikasirikia?"

"Ndiyo."

"Ni haki yako."

"Sikukuomba ruhusa, Dorcas."

Nilimsikia akivuta kiti. "Yule mwanangu," akasema. "Kila nilipotazama lile bomba lenye matone, nilikuwa naona wakikifunga kile kifaa na yeye akifa mara ya pili."

"Najua ulichokuwa unaona. Nilikuwa nimekushika. Ndiyo maana sijakuelewa mpaka leo. Wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kukataa mtoto wa mtu mwingine apewe ukungu usiofika."

Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kifaa kimebadilishwa. Bomba limefupishwa na linapashwa moto, na sasa katika maabara dawa inafika hata kwenye unyevu. "Ni kwa sababu ya majaribio yako," akasema.

"Mimi nalijua hilo. Waambie waliokuwa kwenye kile chumba."

Akasema brashi ya rangi inakauka, lazima aende. Nikasema sawa. Hakuomba msamaha, nami sikuutoa. Nilikaa na simu mkononi nikashangaa kwamba kilichoniuma zaidi ni lile zulia. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya.

Kwa hiyo nenda. Sikuzuii, na sitaki uende ukijiona mwizi. Atakupenda, kwa maana amekupenda tangu siku yako ya kwanza, na hajui kupenda nusu. Mwache. Hicho kijani chake kisifie, hata kama kitakuwa kibaya. Sitakuuliza anaishije wala anasema nini juu yangu, na yeye akitaka kuniambia kitu, asikutume wewe. Namba yangu sasa anayo.

Kesho kwenye uwanja wa ndege nitakuwa mgumu. Nitashughulika na uzito wa sanduku, nitamgombeza baba yako kwa sababu ya maegesho, na huenda nikakukumbatia kwa haraka mno. Nitakuwa bado nimeumia, Mghoi, nami sijui kuumia huku nimelegea. Usinihukumu kwa mikono yangu ya kesho.

Chuoni watakufundisha uhandisi, na mimi sina la kuongeza hapo. Ila iko siku, jikoni kwake, Dorcas atakueleza upande wake wa jambo hili. Anaeleza vizuri kuliko mimi, na katika habari yake kuna kaburi la mtoto. Ni vigumu kumsikiliza mtu mwenye kaburi bila kusimama upande wake. Msikilize mpaka mwisho. Usinitetee, sikukutuma kazi hiyo. Na ukimaliza kumsikiliza, inawezekana kabisa ukamwamini yeye.

Ikiwa hivyo, usinifiche. Usingoje Mama Amani aniambie huku akipima shuka. Nipigie siku hiyo hiyo, useme kwa lugha yoyote utakayo, "Mama, nimemwamini Dorcas." Nitaumia sana. Lakini utakuwa umeniumiza usoni pangu, na hilo nitaliweza.

Mimi mama yako,
ambaye hajaacha kukupenda hata dakika moja ya wiki hii mbaya.